Muulize Shangazi: “Nikikamata mkopo wa shule, nyumba itaenda?”

*Shangazi ni muuguzi wa wodi ya wazee mjini Bradford, mzaliwa wa Tanga, mama wa watoto wawili. Anajibu barua za wasomaji kuhusu kazi, masomo na makaratasi ya ughaibuni.*

Barua ya kwanza

Jambo Shangazi. Niko mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 9, mwingine 3. Nilifika hapa Sheffield mwaka 2016 kutoka kambi ya Kyangwali kule Uganda, kupitia ule mpango wa Gateway wa kuleta wakimbizi Uingereza. Baba yao aliondoka 2022 na hatuna habari yake. Ninafanya kazi ya keya masaa 16 kwa wiki katika nyumba ya wazee, na Universal Credit, ule msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, inanijazia, pamoja na pango. Mwaka huu nimemaliza Access, ile kozi ya kuingilia universite, na universite imenikubali kusoma uuguzi kuanzia Septemba 2025. Siku barua ilifika nililia kwa furaha. Sasa wadada wa kanisa wananiambia: ukikamata mkopo wa shule, Universal Credit inakatwa yote, nyumba inaenda, na utakufa na deni. Franga ya kulipa naseri sina. Mama wangu mkubwa aliye Bukavu anasema nibaki keya, kazi ni kazi. Shangazi, niache?

*Mama wa wawili, Sheffield*

Shangazi anajibu

Jambo, mama wa Sheffield. Usiiache hiyo nafasi. Nalisema hilo kwanza kwa sababu tukifika kwenye hesabu utaanza kutokwa jasho, na nataka uwe unajua tunakokwenda.

Hilo neno lako la “kukamata mkopo” limenifurahisha. Sisi wa Tanga tunachukua mkopo, nyinyi wa Kivu mnaukamata. Afadhali yenu, maana mkopo huu usipoukamata sawasawa unakuponyoka, kama ulivyoniponyoka mimi.

Nilianza uuguzi Septemba 2020, nina miaka 39, nimeachika, mwanangu wa kiume ana miaka 8 na binti 4. Korona ilikuwa bado imetufungia. Mihadhara niliisikiliza jikoni kwenye simu, binti kakaa mapajani anachora. Awamu ya kwanza ya mkopo ilipoingia benki, sikuwahi kuona fedha nyingi namna ile zikiwa zangu kwa siku moja. Nililipa deni la umeme, nikanunua viatu vya shule na kitanda cha ghorofa, na, Mungu anisamehe, nikamtumia kaka yangu fedha za mabati. Mwezi uliofuata Universal Credit ikaja imepungua kwa mamia ya pauni. Nikapiga simu nimepandisha sauti. Dada wa upande wa pili aliniacha nimalize, kisha akaniuliza kwa upole kama nilisoma ujumbe. Ujumbe ulikuwa kwenye jarnali yangu, ule ukurasa wa mtandaoni wa Universal Credit, muda wote, na mimi sikuufungua. Krismasi ile tulikula wali na maharage ya kopo. Mabati ya kaka yangu yako juu ya nyumba yake hadi leo, hayavuji.

Kwa hiyo dada zako wa kanisa hawasemi uongo, ila wameishika habari nusu. Nusu ya pili ndiyo hii.

Mikopo ni miwili. Wa kwanza ni wa ada, pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo wa 2025/26. Huo unakwenda moja kwa moja chuoni, huuoni, huugusi, na Universal Credit haina habari nao. Wa pili ni wa kujikimu, unaokuja kwako kwa awamu tatu: mwanzo wa masomo, baada ya Krismasi, na baada ya Pasaka. Huu ndio wanaouhesabu kama kipato.

Kwanza ujue kwamba mwanafunzi wa kutwa kwa kawaida hana haki ya Universal Credit kabisa. Mzazi anayelea mtoto peke yake ni miongoni mwa wachache walioachiwa mlango. Dai lako linaendelea, pango na sehemu ya watoto zinabaki ndani ya hesabu. Kinachobadilika ni makato, nayo hufanyika hivi: wanachukua kiasi cha juu kabisa cha mkopo wa kujikimu ambacho ungeweza kupewa, wanaondoa sehemu iitwayo Special Support, ambayo mzazi wa peke yake kama wewe anapewa na haihesabiwi, kinachobaki wanakigawanya kwa miezi ya mwaka wako wa masomo, wanakuachia pauni 110 kila mwezi, na zinazobaki wanazikata pauni kwa pauni.

Nikupe mfano wa namba za kubuni ili uone mwendo wake. Tuseme sehemu inayohesabiwa ni pauni 7,000 na miezi ni 10. Hiyo ni 700 kwa mwezi. Toa 110, inabaki 590. Kama Universal Credit yako bila kazi yoyote ingekuwa 1,500, sasa itakuja 910. Hapo ndipo wadada wanapopiga kelele, “imekatwa!” Imekatwa, ndiyo, lakini zile 700 za mkopo nazo zipo. Jumla 1,610, na Special Support bado hatujaitaja. Maumivu yanakuja pale unapokuwa umezila zile 700 za Novemba katika mwezi wa Septemba. Serikali inakata kila mwezi, mkopo unakuja mara tatu kwa mwaka. Siri nzima ni hiyo, na hakuna aliyeniambia.

Fanya hivi. Fungua akaunti ya pili, ya bure, isiyo na kadi. Siku awamu inapoingia, hamishia yote huko, halafu jitumie kiasi kilekile kila tarehe ya Universal Credit, kama mshahara. Mimi nilianza mwaka wa pili na sikurudia tena maharage ya kopo, labda kwa kupenda.

Na kwenye jarnali toa taarifa siku kozi inapoanza, usingoje fedha ziingie. Pakia barua ile ya Student Finance England, ofisi ya mikopo ya wanafunzi, inayoonyesha mgawanyo wa mkopo, na kwa mkono wako mwenyewe andika sehemu ipi ni Special Support. Usitegemee mtu mwingine aione. Kiangazi, mwaka wa masomo ukiisha, makato yanasimama na Universal Credit inapanda tena, ila wakati huo wanaweza kukudai utafute kazi, kwani kinga ya mwanafunzi inakwenda na hicho kipato cha mwanafunzi. Wauguzi likizo yetu ni fupi, si kama ya wanaosoma historia, hivyo hilo halitakusumbua kwa muda mrefu.

Sasa fedha ambazo wadada wako hawakukutajia kabisa. NHS, huduma ya afya ya taifa, ina mfuko wake kwa wanafunzi wa uuguzi, ukunga na fani nyingine kadhaa za afya hapa England, unaitwa NHS Learning Support Fund. Ndani yake kuna ruzuku ya masomo ya pauni 5,000 kila mwaka. Si mkopo, hairudishwi. Waliosoma kabla ya 2017 walikuwa na basari ya zamani iliyolipa na ada pia, ikafutwa, vyuo vikalalamika, na hii ya 5,000 ikaanza Septemba 2020, mwezi uleule nilioanza mimi. Naiita bahati yangu ya mwaka ule wa korona, maana bahati nyingine sikuiona.

Mwenye mtoto wa chini ya miaka 15 anaongezewa pauni 2,000 kwa mwaka, moja kwa familia, haijalishi una watoto wangapi. Ungekuwa umechagua uuguzi wa afya ya akili au wa watu wenye ulemavu wa kujifunza ungepata 1,000 nyingine juu yake, ila usibadili fani kwa ajili ya elfu moja. Mfuko huu unauomba upya kila mwaka, haujirudii wenyewe. Nina rafiki aliyesahau mwaka wa tatu na kugundua Februari, akawa anakimbizana na makaratasi huku ana mitihani.

Ruzuku ile ya 5,000, kwa kuwa mkopo tayari unahesabiwa, kwa kawaida haikatwi. Ile 2,000 ya wazazi ni kwa ajili ya watoto ambao tayari wamo kwenye dai lako, kwa hiyo ofisi inaweza kuitazama kwa jicho jingine. Zote mbili ziandike kwenye jarnali. Ukiandika na wao wakakosea, kosa ni lao na ushahidi unao. Ukinyamaza, deni ni lako.

Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu ya kuacha kazi yako, maana najua ndiyo inayokutisha. Masaa 16 kwa kima cha chini cha pauni 12.21 cha mwaka 2025/26 ni kama 195 kwa wiki, yaani karibu 847 kwa mwezi. Lakini Universal Credit ya mwenye mtoto na pango inakuachia 411 za kwanza kila mwezi (viwango vya 2025/26), na katika zinazozidi inakata senti 55 kwa kila pauni. Maana yake kazi hiyo inakukata kama 240, na faida yako halisi ya kwenda kazini ni karibu 607 kwa mwezi. Sasa ruzuku ya 5,000 ukiigawa kwa 12 ni 417. Ongeza zile 110 wanazokuachia: 527. Pengo lililobaki ni 80, na Special Support peke yake inaliziba na chenji inabaki. Sijagusa ile 2,000.

Sijagusa pia Council Tax, ile kodi ya halmashauri. Nyumba ambayo mtu mzima pekee ndani yake ni mwanafunzi wa kutwa hailipi hata senti. Chuo kitakupa cheti cha uanafunzi, unakituma halmashauri, basi. Wengi wa watu wetu wanalipa miaka mitatu mizima kwa sababu hakuna aliyewaambia waombe.

Naseri. Hapa ndipo penye kazi, na hapa nitakaa kidogo.

Kuna ruzuku ya malezi inayotoka Student Finance, Childcare Grant. Inalipa asilimia 85 ya gharama, hadi karibu pauni 200 kwa wiki kwa mtoto mmoja na karibu 342 kwa wawili au zaidi kwa mwaka wa masomo wa 2025/26. Hairudishwi. Fedha zinakwenda kwa naseri kupitia akaunti ya mtandaoni, wewe unathibitisha tu ankara. Na si ya mdogo peke yake: yule wa miaka 9 naye, akienda klabu ya asubuhi au ya baada ya shule iliyosajiliwa, anaingia. Mlezi lazima awe amesajiliwa na Ofsted, ofisi ya ukaguzi wa shule na malezi. Mama mkwe, jirani, dada wa kanisa, hao hawalipwi hata wakimlea mtoto vizuri kuliko naseri yote. Ukiichukua ruzuku hii huwezi wakati huohuo kudai malezi kupitia Universal Credit. Chagua moja.

Halafu kuna mtego ambao mpaka leo unanichoma. Mdogo wako wa miaka 3, nadhani sasa anapata yale masaa 30 ya bure, kwa sababu unafanya kazi ya kutosha kuyapata. Siku utakayoacha kazi na kuwa mwanafunzi, kwa macho ya sheria hufanyi kazi. Utakuwa wodini masaa 37 na nusu kwa wiki unageuza wagonjwa, na bado kwenye fomu wewe ni mtu asiye na kazi. Masaa ya bure yatarudi 15, yale ambayo kila mtoto wa miaka 3 na 4 anapata. Nilimuuliza mbunge wetu swali hilo kwenye mkutano wa ukumbi wa shule. Alinijibu kwa adabu sana na sikuelewa alichosema. Kwa hiyo ongea na naseri mapema, mwezi huu wa Julai, waambie masaa gani yatatoka kwenye bure na yapi kwenye Childcare Grant, wakuandikie. Hizo mbili zinaruhusiwa kwenda pamoja.

Wodini zamu inaanza saa moja asubuhi na kuisha saa moja na nusu usiku. Naseri inafungua saa moja na nusu asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni. Hakuna ruzuku duniani inayoziba pengo hilo. Mimi alinizibia mama mmoja wa Kisomali wa ghorofa ya chini. Nilimpelekea watoto saa kumi na mbili kasorobo, wamelala bado, na yeye alikuwa ameshaamka kwa sala ya alfajiri. Aliwapeleka shule pamoja na wake. Fedha alizikataa, akakubali sambusa na nywele: kila Jumapili niliwasuka mabinti zake watatu. Miaka mitatu nimesuka vichwa vile, nimevijua kuliko vitabu. Wewe una kanisa zima. Badala ya kuwasikiliza wadada wakikutisha, waulize nani anaamka mapema.

Shahada ya uuguzi inadai masaa 2,300 ya mazoezi, hayakwepeki, na usiku utapangiwa. Lakini unaruhusiwa kuomba. Siku ya kwanza ya mwaka, kabla ratiba hazijatoka, iandikie timu inayopanga mazoezi ukiwaeleza una watoto, huna gari, naseri inafungua saa ngapi. Hawaahidi kitu. Mimi waliniweka Keighley, safari ya treni, badala ya kule mbali nilikoogopa, kwa sababu tu barua yangu ilifika kabla ya za wengine. Nauli ya kwenda mazoezini inayozidi ile ya kawaida ya kwenda chuoni unarudishiwa na mfuko uleule wa NHS, lakini baada ya kulipa kwanza kutoka mfukoni. Weka kila tiketi kwenye bahasha. Kutoka Sheffield unaweza kutupwa Barnsley au Chesterfield, na tiketi za wiki nane si fedha ya kuchezea.

Kazi ya keya usiikate moja kwa moja. Mwombe meneja akubadilishie mkataba uwe wa zamu za hiari, uende Jumamosi mbili kwa mwezi, kiangazi zaidi. Mwaka wa kwanza nilijaribu kushika masaa 16 pamoja na mazoezi, nikasinzia nimesimama kwenye kabati la dawa. Muuguzi mkuu alinipeleka chumba cha chai, akanifungia mlango nilale dakika ishirini. Hakunisema, ila siku ileile nilimpigia simu meneja wa keya.

Na lile deni la kufa nalo. Ukianza Septemba utakuwa kwenye mpango wa tano wa marejesho. Unalipa asilimia 9 ya kile kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, hulipi chochote chini ya hapo, na baada ya miaka 40 kilichobaki kinafutwa. Muuguzi mpya wa ngazi ya 5 ya mishahara ya NHS, kwa viwango vya 2025/26, anaanza na 31,049. Piga hesabu: ni kama pauni 45 kwa mwezi, zinakatwa kwenye mshahara kabla hujaziona. Ukifukuzwa kazi, makato yanasimama. Ukifa, deni linakufa nawe, watoto hawarithi. Hili si deni la yule mwenye duka wa kule kambini anayekuja na watu. Kama na Access uliisoma kwa mkopo, ukimaliza shahada salio la mkopo ule linafutwa, kwa hiyo usiliongeze kwenye hofu zako.

Ukikwama kabisa katikati ya mwaka, chuo kina mfuko wa dharura, na NHS ina wake unaofika hadi pauni 3,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi aliyepungukiwa kwelikweli. Watataka taarifa za benki za miezi mitatu. Niliomba mara moja, mashine ya kufulia ilipokufa nikiwa na sare mbili tu. Walisoma hadi manunuzi yangu ya kuku. Niliona aibu, nikapata fedha, aibu ikaisha.

Mama yako mkubwa wa Bukavu mwambie Shangazi anamsalimia. Kazi ni kazi, amesema kweli. Muulize tu, kama angekuwa Sheffield yeye, wodini angependa ahudumiwe na nani anayejua Kiswahili.

Barua ya pili

Shikamoo Shangazi. Niko Morogoro, nina mtoto mmoja na stashahada ya uuguzi. Rafiki yangu aliyeko London ameniambia mama asiye na mume huko analipwa na serikali kusoma. Nianze kutafuta viza?

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu. Usianze. Rafiki yako ameeleza mambo ya mtu mwenye ukaazi wa kudumu au hadhi ya ukimbizi. Mwenye viza ya mwanafunzi anapigwa muhuri wa kutogusa fedha za umma: hakuna Universal Credit, hakuna Child Benefit, ile posho ya watoto. Mikopo ya Student Finance hapati, na ule mfuko wa NHS unafuata haki ya mikopo hiyo, kwa hiyo nao hapati. Ada atalipa ya mgeni, ambayo ni kubwa kuliko ya mwenyeji. Na mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa kawaida haruhusiwi kuja na mtoto kama mtegemezi wake. Mwanao utamwachia nani miaka mitatu?

Una stashahada, uko nyumbani, jina lako liko kwenye daftari la baraza la wauguzi. Kaa na HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, na mwajiri wako uone namna ya kupanda shahada hapohapo. Anayekudai fedha za “kukutafutia chuo cha benefiti” mfungie namba.

Barua ya tatu

Assalamu alaykum Shangazi. Mimi ni wa Mombasa, naishi Leicester, nina ukaazi wa kudumu na watoto watatu nalea peke yangu kwa Universal Credit. Nataka uuguzi lakini mkopo wa serikali una riba na sitaki. Nikikataa mkopo wa kujikimu, nikasoma kwa ile ruzuku ya 5,000 tu, Universal Credit wataniachia yangu yote?

Shangazi anajibu

Wa alaykum salaam, dadangu. Hawatakuachia, na inauma. Sheria inamhesabia mwanafunzi mkopo ambao angeweza kuupata, hata kama hakuuchukua. Ukiukataa, watakukata Universal Credit kana kwamba fedha hizo ziko mkononi mwako. Utakuwa umekosa kote kuwili, na ada bado inakungoja.

Serikali iliahidi mkopo usio na riba kwa wanafunzi Waislamu, ikakusanya maoni tangu 2014, sheria ya 2017 ikaupa nafasi. Mpaka ninapoandika hapa haujaanza kutolewa. Kuhusu kama dharura inahalalisha huu uliopo, mimi si sheikh na sitajifanya. Nimewasikia wanaokataza na wanaoruhusu, wote wana ndevu nyeupe. Muulize unayemwamini.

Ninachokijua ni mlango usiohitaji fatwa, nao ni uanagenzi wa shahada ya uuguzi. Hospitali inakuajiri, unalipwa mshahara tangu siku ya kwanza, ada haikuhusu, mkopo haupo. Unasoma siku kadhaa na kufanya kazi siku nyingine, kwa kawaida miaka minne, na unamaliza ukiwa muuguzi yuleyule kama mimi, cheti kilekile. Ruzuku ya 5,000 hutaipata, lakini angalia kinachokuja badala yake. Mwanagenzi ni mfanyakazi. Yale masaa 30 ya naseri ambayo mama wa Sheffield anayapoteza, wewe unayapata. Universal Credit inakurudishia asilimia 85 ya gharama ya malezi, hadi pauni 1,031.88 kwa mwezi kwa mtoto mmoja na 1,768.94 kwa wawili au zaidi, kwa viwango vya 2025/26. Kwa ajili ya mshahara, Universal Credit inapungua zile senti 55 kwa pauni baada ya zile za kwanza unazoachiwa. Lile suala la mkopo wa kufikirika halikuhusu kabisa.

Ubaya wake ni kwamba nafasi ni chache na wengi wa wanaozipata tayari wako ndani ya hospitali. Nilipotafuta mimi mwaka 2019 sikujua hata kama ipo. Kwa hiyo ingia kwanza kama msaidizi wa wodi, ngazi ya 2 au 3. Siku ya usaili waulize waziwazi kama wanapeleka wasaidizi wao kwenye uanagenzi, na mwaka jana walipeleka wangapi. Wakianza kuzungukazunguka, nenda wodi nyingine. Kuna pia njia ya katikati, miaka miwili ya kuwa msaidizi wa muuguzi mwenye usajili wake (nursing associate), ngazi ya 4, halafu unaunganisha kupanda. Msichana niliyefanya naye zamu ya usiku wa kuamkia leo amepita hapo. Ana watoto wanne.

Utahitaji Kiingereza na hesabu za kiwango cha pili. Kwa mtu mzima asiye na GCSE, mitihani ya sekondari ya hapa, zenye daraja la kupita, masomo hayo ni bure kwenye chuo cha mtaani, na Septemba madarasa yanajaa wiki ya kwanza. Nenda ukajiandikishe hesabu kwanza. Kiingereza chako nimekiona kwenye bahasha, hakina neno.